Mama Khamis Wawili na Jedwali Moja

Ijumaa iliyopita nilirudisha ufunguo wa chumba namba nne, kalamu tatu za ubao mweupe, na kadi ya mlango yenye picha yangu ya wakati ndevu zilipokuwa bado nyeusi. Kijana wa mapokezi akanipa karatasi nitie saini kwamba sikubakiwa na kitu chochote cha jumuiya iliyoniajiri. Nikatia saini. Baadaye, ndani ya basi, nikaona kuwa nimesema uongo mdogo, maana nimebakiwa na mengi niliyofundishwa na watu ambao mimi ndiye niliyelipwa kuwafundisha. Walimu wawili wapya wanaoyachukua madarasa yangu wameniomba niwaandikie chochote kitakachowafaa. Nayaandika haya kwao. Wakiona nimerefusha wanivumilie, mstaafu ana muda.

Vyeo sitavitaja, na mshahara ulitosha, alhamdulillahi. Hayo hayamsaidii mtu kuingia darasani Jumanne asubuhi.

Nilianzia katika ukumbi mmoja wa Barking, mashariki ya London, nyuma ya soko, kufundisha watu wazima kusoma na kuandika Kiingereza. Wengi wao walikuwa akina mama wa Unguja na Pemba, na mimi ni mtu wa Wete, kwa hiyo hapakuwa na ugeni. Sababu zilizotuleta sote katika mji huu zinajulikana, na si habari ya waraka huu. Siku ya kwanza nilibeba boksi zima la chaki, nikakuta ubao usioandikika kwa chaki. Nikafundisha saa mbili kwa mdomo, na kitoto kichanga cha mwanafunzi mmoja kimelala juu ya meza yangu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbali na mlango na baridi yake. Nikipandisha sauti, mama yake anaweka kidole mdomoni mwake. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kufundisha kwa sauti ya chini. Watu wakadhani ni uchamungu.

Aliyenilea katika kazi hii alikuwa Bibi Pauline, mama wa Kijamaika aliyevaa miwani yenye kamba na aliyekuwa na kabati la chuma ambalo yeye peke yake alijua kulifungua, kwa teke. Kila Ijumaa alichukua madaftari ya wanafunzi wangu, akafunika jina kwa kiganja, akanionyesha ukurasa.

"Huyu nani?"

Mwanzo nilikuwa nabahatisha, naye akilirudisha daftari bila kusema kitu. Baada ya mwaka nikawa najua. Huyu anayekandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka ni yule wa karibu na dirisha. Huyu anayeanza mstari mbali na ukingo, kama mkono bado unataka kutokea kulia, kasoma chuo cha Kurani kwa miaka mingi na hajawahi kukaa skuli. Huyu aliyeandika vizuri ukurasa wa kwanza na vibaya wa pili, mtoto wake aliamka.

"Usipoujua mwandiko wake hutaijua shida yake," Bibi Pauline aliniambia, nami nikaona ni maneno ya mtu anayependa madaftari. Alifariki kabla mambo ya mtandao hayajaingia darasani kwetu. Namkumbuka kwa kheri, na zaidi kwa kisa kinachofuata.

Miaka ikapita na kanda za kaseti, na mashine ya fotokopi iliyotafuna karatasi kila tulipokuwa na haraka. Kisha ikaja korona na ukumbi ukafungwa. Jumuiya haikuwa na programu yoyote iliyonunuliwa, kwa hiyo tukatumia zile za bure zilizo mtandaoni, na hapo ndipo mimi, mzee wa boksi la chaki, nikawa mwalimu wa simu.

Ile programu ya kuonana kwa video ilikuwa ya bure kwa dakika arubaini tu, halafu inakata, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Wenzangu wa vituo vingine walilalamika sana. Mimi nililigawa somo vipande viwili, na kati ya kipande na kipande tukasali adhuhuri, kila mtu kwake. Nadhani katika London nzima ni sisi pekee tulioshukuru kukatiwa. Akina mama hawakupenda kuonekana, kwa hiyo walizielekeza kamera juu. Mpaka leo nazijua taa za dari za nusu ya Barking. Mmoja alisahau kufunga sauti, tukamsikia anamwambia mumewe kwa Kiingereza safi ambacho hajawahi kukitumia darasani kwamba takataka hazijitoi zenyewe. Nikampa alama kamili za mazungumzo.

Kamusi ya bure inayotamka maneno iliwasaidia kuliko mimi. Mama wa miaka sitini anaweza kuibonyeza mara kumi bila kuona haya, ilhali mimi angeniuliza mara mbili tu kisha akasema kafahamu. Kwa upande wa pili, tangazo la kamari lilichomoza siku moja katikati ya somo la nyakati zilizopita, gurudumu linazunguka na sarafu zinamwagika, na darasa zima likapiga istighfari kwa sauti. Basi nawausia, kila programu ya bure ijaribuni kwanza nyumbani, kwa simu nyingine, kama mwanafunzi, kabla hamjaipeleka darasani. Kitu cha bure kina mwenyewe, na mwenyewe si nyinyi.

Ukumbi ulipofunguliwa tuliendelea na programu moja zaidi ya zote, ile ya chemshabongo. Mwalimu anaandika maswali, inatoka namba ya kuingilia, mwanafunzi anaitia namba ile katika simu yake, anaandika jina lolote analotaka, anajibu. Haihitaji barua pepe wala neno la siri, na ndiyo maana niliipenda. Ikiwa jina limeshachukuliwa na mwengine katika duru ile ile, inalikataa. Mwisho wa wiki inakupa jedwali moja lenye majina na alama. Sikuhitaji tena kubeba madaftari katika treni. Wakati huo nilikuwa nafundisha Barking Jumanne asubuhi, na Alhamisi navuka mto kwenda Woolwich kwa ile treni ndogo isiyo na dereva, na magoti yangu yalikuwa yameanza kuhesabu ngazi.

Sasa niseme mambo mawili niliyoyafanya kwa adabu.

La kwanza, majina. Kwetu mwanamme hamwiti mke wa mtu kwa jina lake. Humwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Saumu, Mama Khamis, na ndivyo nilivyowaita darasani miaka yote. Walipoingia katika chemshabongo mara ya kwanza wakaniuliza waandike nini. Nikawaambia, "Andikeni ninavyokuiteni." Wakaandika hivyo.

La pili, alama. Programu ile kila baada ya swali huonyesha ukutani nani wa kwanza na nani wa mwisho. Wiki ya kwanza tu mama mmoja akanifuata. "Maalim, mimi na wifi yangu tumo darasa moja. Nikiwa chini yake leo, kesho habari iko Pemba." Nikauzima ule ubao wa washindi, na alama zisionekane hata katika simu zao. Hata mimi sikuutazama. Nilisubiri jedwali la Ijumaa, nikalisoma peke yangu na chai.

Barking nilikuwa na Mama Khamis, na Woolwich, tangu Februari, nilikuwa na Mama Khamis. Walikuwa hawajawahi kuonana. Wa Woolwich ni mcheshi, mzungumzaji, na kusoma kulimpa tabu. Wa Barking alikaa nyuma karibu na bomba la moto linalopasha chumba, kimya, na mdomo wake ulifunguka tu alipomnong'oneza kitu Mama Saumu aliyekaa naye. Kwa kuwa hawakuwa katika duru moja, programu haikuwakataa. Ila ikifika mwisho wa wiki, ikikuta jina moja lina alama mara mbili, hubakisha zile za mwisho. Alama za Jumanne zikafutwa na za Alhamisi. Kwa miezi minne nilikuwa nasoma mstari mmoja ulioandikwa Mama Khamis, saba juu ya ishirini, nane juu ya ishirini, nikidhani nawasoma wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nikimnong'oneza alama hizo kama zake. Msiniulize vipi. Mtu akiamini mashine huacha kuhesabu mistari.

Mtihani wa Kiingereza ulikuwa Juni. Kituo cha mtihani kilitupa viti kumi na viwili, na mimi ndiye niliyechagua nani aende. Huyu wa Barking alikuwa ameniambia tangu Januari kwa nini anautaka. Skuli anayosoma mwanawe mdogo ilikuwa inatafuta msaidizi wa mwalimu katika darasa la watoto wa mwanzo. Mwalimu mkuu alimuona anavyokaa na watoto, akamwambia alete cheti kabla ya likizo ya kiangazi na nafasi ni yake kuanzia Septemba. Miaka kumi na moja alikuwa akisafisha ofisi za watu alfajiri. Hakulalamika juu ya hilo, alisema tu kwamba ofisi hazikui.

Nilimwita baada ya somo, nikamwambia kwa upole kwamba safari hii bado, ajaribu msimu ujao.

"Haya, Maalim," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Akafunga mkoba wake akaondoka. Nilipeleka orodha ya watu kumi na wawili pamoja na vitambulisho vyao Ijumaa ile, ikafungwa.

Wiki ile ile Mama Khamis wa Woolwich alisafiri kwenda Unguja, kafiwa na baba yake, Mungu amrehemu. Ijumaa iliyofuata nikafungua jedwali na chai yangu. Mama Khamis, kumi na tisa juu ya ishirini.

Nikafurahi. Nikadhani kajibu kwa simu kutoka huko huko. Nikamtumia ujumbe wa sauti kumpa pole tena, na hongera kwamba hata msibani hakuacha kusoma. Jibu lake lilikuja na kelele za sufuria nyuma yake.

"Maalim, wallahi mie huku nimeshika mwiko wa pilau ya hitima, watu mia wanasubiri kula. Chemshabongo gani tena? Labda kajibu shetani!"

Niliiweka chai chini. Programu ile haifuti duru zenyewe, hufuta katika jedwali tu, kwa hiyo nilirudi nyuma nikafungua duru za Jumanne moja moja mpaka Februari. Kumi na nane. Ishirini. Kumi na tisa. Kumi na tisa. Hapakuwa na hata wiki moja ambayo yule mama aliyekaa karibu na bomba la moto hakuwa wa kwanza au wa pili katika darasa lake. Nikakumbuka kule kunong'ona kwake. Nilimdhania anauliza majibu.

Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Mwenyewe alikwishakubali, msimu ujao angefanya mtihani, na mimi ningejisemea kuwa kila jambo lina wakati wake. Nilifundishwa nikiwa mdogo kwamba haki ya Mwenyezi Mungu mja huomba msamaha Kwake, naye ni Mwingi wa kusamehe, lakini haki ya mja mwenzio hairuki juu yake kwenda mbinguni. Lazima upite kwake kwanza. Mafunzo haya ni mepesi sana kuyasomesha.

Jumatatu nilikwenda kituo cha mtihani kwa Bi Nirmala, mwenye kushughulikia orodha. Yeye ni mama wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa, na mara ya kwanza nilipomsemesha Kiingereza alinikatiza: "Nena Kiswahili, usinifanye Mzungu."

Nilimweleza yote. Akasikiliza huku akipigapiga kalamu.

"Viti vyote vina wenyewe, Maalim. Mtu simtoi. Nitakalo kukufanyia ni moja. Namtia akiba. Aje siku ya mtihani akae nje ya mlango. Saa tatu kamili tukifunga na kiti ki wazi, aingia. Jina lake nani?"

"Mama Khamis."

"Khamis hafanyi mtihani. Jina lake yeye."

Katika rejista rasmi ya Barking mlikuwa na majina kumi na nane kamili, yaliyoandikwa na ofisi, na mimi sikuweza kuapa lipi ni lake. Nilikuwa nimemfundisha miaka mitatu. Najua mwanawe wa kwanza anapenda mpira na wa mwisho ana pumu.

Bi Nirmala aliacha kupigapiga kalamu. "Kesho kabla ya saa sita," akasema. "Na uje na kitambulisho chake, si cha Khamis."

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Baada ya somo nilimwomba abaki kidogo, na Mama Saumu abaki naye ili tusiwe wawili peke yetu. Tulisimama kwenye ukumbi mdogo karibu na mashine ya fotokopi. Nilimwambia kama ilivyo, bila kuitaja programu kabla ya kujitaja mimi. Nikamwonyesha zile duru za Jumanne katika simu.

Alizisoma zote kwa kidole. Mama Saumu akawa wa kwanza kusema.

"Khaa! Kumbe nakaa na profesa! Na mie namnyang'anya majibu kwa biskuti."

Mwenziwe hakucheka. "Miezi mine, Maalim," akasema. "Miezi mine nnarudi nyumbani najiuliza kichwa changu kina nini. Mume wangu kaniambia, pengine umri. Nikamuamini."

"Nimekukosea. Nakuomba radhi."

"Radhi ntakupa. Lakini si leo. Leo nnakasirika kwanza."

"Una haki."

"Najua."

Mashine ya fotokopi ilikuwa inapoa na kulia lia. Nikamwambia habari ya akiba, na kwamba ofisi inahitaji jina lake na kitambulisho kabla ya saa sita.

"Si unalo kwenye rejista?"

Nikamfungulia rejista, majina kumi na nane. Akafahamu, na uso wake ukabadilika kidogo, sijui kama ni kucheka au nini.

"Miaka mitatu, na hunijui jina? Raya. Raya Seif Hamad. Unataka nikuandikie?"

Akaliandika kwenye ukingo wa karatasi yangu ya somo, akanipa na kitambulisho. Ndipo nilipouona mwandiko wake kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima wa kubonyeza simu. Ni mwandiko wa mtu asiye na haraka, herufi zimesimama wima. Bibi Pauline angeufunika kwa kiganja na mimi ningesema, huyu hana shida, mpelekeni.

Siku ya mtihani nilikwenda kukaa naye nje ya mlango. Haikuwa kazi yangu na hakuniomba. Alikuja na kalamu mbili ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, kama ilivyoelekezwa, na tasbihi mkononi. Wakaingia mmoja mmoja, wengine wakamsalimia, wengine waliona haya. Ilipobaki dakika tano nilihesabu kumi na mmoja. Aliyekosekana alikuwa Mama Saumu.

Bi Nirmala alitoka na karatasi yake, akaangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi. Jina la Raya lilikuwa limeandikwa chini, peke yake. Ikabaki dakika mbili. Raya akasimama, akaiweka tasbihi ndani ya mkoba. Sikumwomba Mungu kwamba Mama Saumu achelewe, lakini wala sikuomba kwamba afike, na hilo nalo liko katika hesabu yangu.

Tukasikia viatu chini kwenye ngazi. Viatu vya mtu mzito anayepanda kwa tabu na kusimama. Kutoka pale mlangoni Bi Nirmala asingevisikia. Kama Raya angekaa kimya nusu dakika, mlango ungefungwa.

Raya akaenda mpaka juu ya ngazi akainama.

"Kimbia, weye! Mlango hawajafunga! Acha kiatu hicho!"

Mama Saumu akapita mbele yetu jasho linamtoka, kiatu kimoja mkononi, analaani treni na wote walioijenga. Mlango ukafungwa saa tatu kamili. Bi Nirmala akaikunja ile karatasi mara mbili na kuitia mfukoni, akarudi ofisini.

Nikasema, "Ungeweza kunyamaza."

"Yule nimemfundisha mwenyewe, Maalim. Biskuti pakiti ngapi? Akikosa leo, nnakosa mara mbili." Akachukua mkoba wake. "Na zamu yangu ya alfajiri nimeisogeza saa tano."

Mama Saumu alifaulu. Mimi nilimwandikia barua mwalimu mkuu wa ile skuli nikaeleza kwamba kosa ni langu na si la mwanafunzi. Alinijibu kwa adabu kwamba anasikitika, ila Septemba haisubiri, na nafasi akapewa mwengine. Raya alifanya mtihani msimu wa baridi, akafaulu kwa alama za juu, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika skuli nyingine, vituo vitatu vya basi mbele zaidi kuliko ile ya mwanawe. Asubuhi za mvua mimi huvikumbuka vile vituo vitatu. Ni vyangu.

Kuhusu radhi, hakuniambia kitu, na mimi sikumkumbusha. Aliyekosewa hapangiwi siku.

Nilichobadilisha ni hiki, na ndicho hasa nilichotaka kuwaandikieni. Siku ya kwanza ya kila darasa natoa karatasi na kalamu. Kila mtu anaandika kwa mkono wake jina lake kamili, na chini yake anaandika angependa aitweje. Wengi huandika Mama Fulani, nami huwaita hivyo hivyo, kwa furaha. Lakini katika programu huingia kwa jina la juu. Karatasi zile nazihifadhi, na mara moja kwa mwezi wanaandika ukurasa mmoja kwa kalamu, hata wakininung'unikia. Chemshabongo sikuiacha. Haikumdhulumu mtu, ilifanya nilivyoiambia. Vyombo vya bure vimewafikisha wanafunzi wangu mahali ambapo mimi na boksi langu la chaki tusingewafikisha, na namshukuru Mungu kuvikuta kabla sijafa. Ila jedwali ni kauli ya shahidi mmoja, na shahidi mwenyewe hakuwapo darasani.

Basi siku ya mwisho. Nilijua kuna keki, kwa sababu Mama Saumu hajui kuficha kitu. Sikujua kwamba Raya angekuja, akitokea kazini na kadi ya skuli yake bado shingoni. Madarasa yote mawili yalikuwapo, hata Mama Khamis wa Woolwich, naye alikuwa ameshakaa karibu na bomba la moto na Raya, mwenziwe wa jina, wanazungumza kama waliozaliwa nyumba moja. Raya akawasha projekta, namba ya kuingilia ikatokea ukutani.

"Leo utajibu wewe, Maalim. Maswali ishirini. Nimeyaandika mimi. Na ubao wa washindi uko wazi, anayeogopa wifi yake atoke."

Nikatoa simu, nikavaa miwani, nikatia namba. Ikaniuliza jina. Nikaandika Maalim, kama ninavyoitwa na kila mtu tangu nilipofika nchi hii. Ikanikataa. Jina limeshachukuliwa.

"Nani kachukua jina langu?"

"Mimi," akasema Raya. "Watoto thalathini wananiita mwalimu kila siku. Andika lako."

Wote wakageuka kuutazama ukuta. Nikafahamu kwamba hakuna hata mmoja wao aliyelijua. Nikaandika polepole, kwa kidole kimoja, na likatokea ukutani kwa herufi kubwa za rangi ya zambarau: Kombo Faki.

"Kombo!" akapiga kelele Mama Khamis wa Woolwich. "Miaka yote hii kumbe ni Kombo!" Wakacheka mpaka kijana wa mapokezi akaja kuchungulia.

Maswali yalikuwa magumu. Mengine yalihusu mimi mwenyewe, na nilikosea. Katika watu ishirini na sita nilitoka wa tisa. Walipokwisha kucheka na keki ikaanza kukatwa, Raya alinijia na sahani.

"Haya, Kombo Faki," akasema kwa sauti ndogo. "Radhi umepata."

Kisha akarudi kwenye kauli yake ya siku zote: "Kula keki, Maalim."

Nikamwomba anichapishie lile jedwali kabla hajazima mashine. Liko hapa mezani ninapoandika. Mistari ishirini na sita, kila mmoja una jina kamili la mwenyewe isipokuwa ule ulioandikwa Maalim, na mimi niko wa tisa.